Darasa la Kiingereza la Bel-Air: lipia kikapu, makaratasi achana nayo

Nianze na bei, maana ndicho kitu cha kwanza watu wananiuliza. Ni dola 15 kwa mwezi. Ukilipa kwa faranga wanapokea, kwa bei ya siku hiyo. Halafu wanakudai dola 5 nyingine za makaratasi ya fotokopi. Zile 15 nimelipa na nitalipa tena. Zile 5 zinaniuma mpaka leo, na nitasema kwa nini. Masomo ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, 17:30 hadi 19:00. Mahali ni Bel-Air, komine ya Kampemba, hapa Lubumbashi, kwenye nyumba yenye geti la bluu na kibao cha kuchorwa kwa mkono kinachotangaza Kiingereza cha kila siku, kwa Kifaransa bila shaka. Jina la kituo siliandiki. Nina malalamiko mawili matatu, na mwenye kituo huwa tunakutana mjini. Anayekaa upande ule, geti la bluu litamtosha.

Mimi ni mfanyabiashara mdogo. Naleta vyombo vya nyumbani kutoka Zambia, vikombe, sahani, mabeseni, na blanketi ukifika mwezi wa sita, nauza Katuba. Kutoka hapa Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kama kilometa 90, ukivuka unaingia Chililabombwe, kisha Chingola, kisha Kitwe. Najua swali linalofuata: si Kibemba kinatosha? Pale Chisokone, soko la Kitwe, kinatosha kabisa, na kinashusha bei kuliko Kiingereza chochote. Ila mwenye ghala la jumla anakupa karatasi ya oda kwa Kiingereza. Pakiti ya dawa imeandikwa Kiingereza. Fomu za forodha upande ule ni Kiingereza. Hapo Kibemba kinakusaidia kuomba mtu akusomee, na anayekusomea anaona na hesabu zako zote.

Kwa hiyo sikutafuta hotuba wala sarufi. Nilitaka majina ya vitu vilivyo jikoni, chumbani, mwilini na kwenye pochi. Hicho ndicho wanachouza, na kwa sehemu kubwa wanakitoa.

Mwalimu alikulia Ndola, mama yake ni wa huku kwetu, kwa hiyo anaruka kutoka Kibemba hadi Kiswahili hadi Kifaransa bila kupumua. Anaingia na kikapu kikubwa cha sokoni, anakiweka juu ya meza, na mkifungua madaftari anakataa. "Usiandike kwanza. Shika." Anatoa kitu kimoja, anakitaja, anampa aliye karibu. Huyo anakishika, anakitaja, anampa mwenzake. Kitu kinazunguka darasa lote kabla chaki haijagusa ubao. Jioni ya jikoni alitoa sufuria, kifuniko, mwiko, kisu, chujio na kikaango, mpaka na mbabula, lile jiko la makaa, ndogo ya bati. Raundi ya kwanza ni jina tu. Raundi ya pili anaongeza kitendo: chukua kifuniko, weka kifuniko juu ya sufuria, ondoa, nipe, shikilia. "Take", "put", "give", "hold". Maneno mafupi haya ndiyo yaliyokuwa yakinishinda miaka yote, kwa sababu katika kitabu yanafanana yote. Ukiwa na kifuniko mkononi na mtu anakungojea, hayafanani tena.

Siku moja umeme ukakatika katikati ya somo. Wa Lubumbashi hamshangai. Tulidhani tunakwenda nyumbani. Yeye akasema tuendelee kwa vidole. Kitu kinapita gizani, unakipapasa, unakitaja. Mzee mmoja, dereva wa lori, alishika chujio muda mrefu, tunamsikia anakwaruza matundu kwa kucha, kisha akatamka "strainer" vizuri kuliko alivyowahi kulitamka taa zikiwaka. Kuna walimu wa shule kubwa za mjini hapa wanaolipwa mara kumi ya huyu na hawajawahi kuwaza jambo kama hilo.

Sasa niwaambie kuhusu Masere, ndivyo tunavyomwita mtawa wa kike huku kwetu, maana bila yeye nisingeelewa kasoro ya kituo hiki iko wapi. Darasani tulikuwa na mtawa mmoja kutoka Meksiko. Amekaa Katanga muda mrefu, Kiswahili chake ni cha hapa hapa, anasema "minaenda" na "tunasemaka" kama aliyezaliwa Kenya, namaanisha komine ya Kenya. Shirika lake linamhamishia Zambia, ndiyo maana anasoma. Lugha yake ni Kihispania. Kifaransa anakijua kidogo, na hakipendi, hilo alisema mwenyewe.

Kituo kinafundisha kana kwamba sisi sote tunatokea kwenye Kifaransa. Kila neno la ubaoni linapitia huko: Kiingereza kushoto, Kifaransa kulia. Masere akiwa mbele yangu nikaanza kuona kwamba njia hiyo inatuzungusha wote wawili bure. Chukua vidole. Mwalimu alifundisha "finger", akaja "toe", akaeleza kwa Kifaransa ambako navyo ni majina mawili. Masere akanyosha mkono: "Kwetu tunasemaka dedo tu, ya mukono ao ya muguu." Darasa zima likacheka, maana ndivyo tunavyosema sisi pia, kidole ni kidole. Ikawa hivyo hivyo kwa saa. Kihispania kina "reloj", iwe ya ukutani au ya mkononi. Kiswahili kina saa, basi. Kiingereza kinataka "clock" ukutani na "watch" mkononi. Tangu hapo tukawa tunakaa benchi moja, kwa sababu tulipokwama tulikwama pamoja.

Na hasa kwenye midomo. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, kama Kiswahili. Ndiyo maana matamshi ya Masere kwa Kiswahili ni masafi kuliko ya Wabelgiji wote niliowahi kuwasikia. Lakini Kiingereza kina irabu nyingi zaidi, na zile za ziada hazina pa kukaa kinywani mwake wala mwangu. Kwa mtu wa biashara yangu hili si jambo la mchezo. "Cap" ni kofia, "cup" ni kikombe. Sisi wote wawili tulikuwa tunatoa sauti ile ile kwa maneno yote mawili. Mimi naagiza vikombe kwa dazeni!

Mwalimu alipoligundua alifanya jambo zuri. Aliacha Kifaransa kabisa. Aliweka kofia tatu upande mmoja wa meza na vikombe vitatu upande mwingine, akafunika mdomo wake kwa daftari ili tusisome midomo, akataja neno moja. Unakwenda kuleta. Ukileta kofia badala ya kikombe, unarudi. Kisha mkabadilishana, wewe unasema, yeye analeta, na analeta kile ulichosema kweli, si kile ulichokusudia. Masere aliomba kikombe, akaletewa kofia, akaivaa juu ya kitambaa chake cha kitawa na kuketi nayo mpaka mwisho wa somo. Kwenye "cup" anakuonyesha uuache mdomo ulegee, ulimi ukae katikati bila kazi. Kwenye "cap" unaushusha utaya na kuvuta midomo kidogo pembeni. Inachukua muda. Inakuja.

Jambo lingine tulilogawana nusu kwa nusu ni konsonanti zinazofuatana mwanzoni mwa neno. Kihispania hakianzi neno kwa s yenye konsonanti nyuma yake, kinatanguliza e. Basi kijiko, "spoon", kwa Masere kilikuwa "espun". Kwetu sisi irabu inaingia baada ya s, tunasema "sipuni". Mwalimu alitwambia tuanze kama gurudumu linalotoka upepo, sss, na tusifungue mdomo mpaka p ifike. Darasa zima likazomea kwa dakika nzima. Jirani alichungulia dirishani.

Jioni ile ile ya jikoni ndipo Kifaransa kilipotuponza waziwazi. Aliandika "pan". Masere bila kusita: mkate. Ni kweli, kwa Kihispania "pan" ni mkate. Mwalimu akainua kikaango: hapana. Sisi tukamcheka, tukajiona wajanja. Halafu akaandika "pain", akageuka, na nusu ya darasa ikajibu kwa sauti moja: mkate! Ndivyo tulivyosoma shuleni kwa Kifaransa, herufi zile zile. Akapiga goti lake kwenye mguu wa meza, akaruka kwa mguu mmoja huku analia "pain, pain". Maumivu. Hakuna aliyelisahau.

Kuna mambo ambayo lugha zetu zote tatu zimekubaliana na Kiingereza kimekataa peke yake. Mhispania ana njaa, Mfaransa ana njaa, sisi tuna njaa. Mhispania ana miaka arobaini, na sisi pia tuna miaka. Kiingereza kinasema mtu "ni" mwenye njaa, mtu "ni" miaka arobaini. "I am hungry", "I am forty". Mwalimu alitumia jioni nzima kung'oa "I have" kutoka vinywani mwetu. Aliyekosea alikuwa anaulizwa aionyeshe hiyo njaa aliyonayo iko kwenye mfuko gani.

Kuhusu nyama alieleza vizuri, kwa kifupi. Ng'ombe akiwa hai ni "cow", akiwa sahani ni "beef", kwa sababu baada ya 1066, Wanormani kutoka Ufaransa walipoiteka Uingereza, mezani kwa mabwana paliongewa Kifaransa na zizini watumishi walibaki na Kiingereza chao. "Beef" ni "bœuf" yetu ya shuleni. Hapo kweli Kifaransa kinasaidia, sitaki kukionea. Mimi ilinichosha, nyama ni nyama. Masere hakushangaa hata kidogo, akasema kwao samaki aliye majini ni "pez" na aliyevuliwa ni "pescado".

Somo la pesa ndilo lililolipa ada yangu. Mwalimu anajifanya mwenye duka, anatumia noti za kwacha za kweli na sarafu za ngwee. Unanunua, unalipa, unadai chenji. Waliosoma Kifaransa wana mtego wao hapa: "monnaie" ni chenji, basi wanadai "my money". Ukisema hivyo dukani Kitwe, unaonekana unataka kurudishiwa pesa yote na kuacha bidhaa. Neno ni "change". Kisha anataja bei haraka, kumi na tatu na thelathini, kumi na tano na hamsini, na wewe unaandika ulichosikia. Siri yake ni kusikiliza nguvu imekaa wapi: kwenye "thirty" inakaa mwanzo, kwenye "thirteen" inasogea mwisho. Alipomwambia Masere "you pay once", lipa mara moja tu, Masere alianza kuhesabu noti kumi na moja, maana "once" ni kumi na moja kwa Kihispania. Alizihesabu zote, kwa heshima kubwa, mwalimu akazipokea kabla ya kumwambia.

Sasa makaratasi. Ni fotokopi ya fotokopi ya kitabu cha zamani cha Wafaransa, maneno yamepangwa kwa alfabeti, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kifaransa, hakuna sentensi hata moja. Kurasa nyingine zimeliwa pembeni na mashine, unabaki na nusu ya neno. Na maneno yenyewe! Kuna glovu za theluji. Kuna treni ya chini ya ardhi. Makala, yaani makaa ambayo kila nyumba ya Lubumbashi inapikia, hayamo. Unga wa mahindi haumo, na huo ndio unaovuka mpaka ule kila siku kwa malori.

Mwalimu anajua, ndiyo maana maneno ya Zambia anayaandika ubaoni mwenyewe, na hapo ndipo daftari linafaa. Unga wa mahindi ni "mealie meal". Bukari yetu, yaani ugali, wao wanaiita "nshima" hata wakiwa ndani ya Kiingereza. Mboga au samaki wa kulia bukari ni "relish". Salio la simu ni "talk time". Na mkiona mfuko umeandikwa "breakfast", si chakula cha asubuhi, ni daraja la unga, ule mweupe uliokobolewa na kusagwa laini, na "roller" ni ule wa chenga zaidi wenye pumba kidogo na bei ya chini. Wanunuzi wa unga wa hapa wanayajua haya kwa rangi ya mfuko. Kitabu chochote cha Ulaya kitakudanganya kwenye neno hilo.

Na hapa ndipo Masere alipoleta kijitabu chake. Ni kidogo, kinaingia mfuko wa koti, kimetengenezwa kwa ajili ya watu wa Kihispania wanaojifunza Kiingereza. Maneno yamepangwa kwa mahali: jikoni, bafuni, kwa daktari, dukani. Kila neno lina sentensi fupi, na chini yake matamshi yameandikwa kwa herufi za Kihispania. Nilikiazima kwa udadisi tu. Nikafungua ukurasa wa jikoni, nikakuta "knife" imeandikwa "naif" na "table" imeandikwa "téibol". Nikasoma kwa sauti, mwalimu akasema sawa. Kihispania karibu kila herufi inasomwa kama ilivyoandikwa, kama Kiswahili. Kile kijitabu kilichochapwa kwa ajili ya watu wa ng'ambo ya bahari, mimi wa Katuba nilikisoma bila mwalimu, wakati makaratasi ya Kifaransa niliyolipia dola 5 hayakunisaidia hata kutamka kisu. Jihadhari na j tu. Kwao inasomwa kama h, kwa hiyo nyumba, "house", imeandikwa "jaus", na dereva wetu aliisoma "jausi" wiki nzima.

Nilinakili kurasa za jikoni na dukani kwa mkono, nikaongeza safu ya Kiswahili pembeni. Watu wa darasa waliomba wapige picha. Nilimwonyesha mwenye kituo, nikamwambia: baba, watu wako wote wanaongea Kiswahili, tengeneza makaratasi ya Kiswahili, utauza hata kwa dola 10. Akajibu kwamba watu wa Lubumbashi wanaheshimu kilichoandikwa kwa Kifaransa. Sikubishana naye. Labda anawajua wateja wake.

Mengine kwa haraka. Wanachelewa kuanza, wakingojea wanaotoka kazini, kwa hiyo 17:30 yao huwa karibu na 18:00, lakini kumaliza wanamaliza kwa saa. Viti ni vya watoto wa shule ya msingi, ninyi wenye magoti mabovu njooni mapema mpate benchi la nyuma. Mtihani wa mwisho wa mwezi ni wa kuandika, kutafsiri Kifaransa kwenda Kiingereza, yaani unapimwa kwa kitu ambacho mwalimu hakukufundisha na wala hakiamini. Nilipata alama za katikati. Dereva wa lori, ambaye anaweza kukuagizia jiko zima kwa Kiingereza, alianguka, kwa sababu Kifaransa chake ndicho kibovu. Cheti kinalipiwa kando. Sikukichukua.

Nilipokwenda Kitwe baadaye, kwa mwenye ghala niliyezoea kumwonyesha kwa kidole, niliagiza vikombe vya bati na vifuniko vyake kwa mdomo, nikataja idadi, nikasoma risiti mwenyewe mstari kwa mstari. Kulikuwa na beseni moja lililohesabiwa mara mbili. Nikaliuliza kwa Kiingereza, likafutwa. Beseni hilo peke yake ni kama nusu ya ada ya mwezi.

Kwa anayetaka kazi ya ofisini au kuandika barua, hapa si mahali pake, hakuna sarufi ya maana. Kwa mwenye duka, dereva, mfanyakazi wa nyumbani, muuguzi anayevuka mpaka, naona ni dola 15 halali. Kundi jipya linaanza kila mwanzo wa mwezi, na unaweza kukaa somo moja bure kabla ya kulipa, mradi uombe kwa mwalimu na si kwa mwenye kituo. Kaa mbele, kikapu kinaanzia huko. Makaratasi usinunue: omba kwa mtu aliyetangulia, piga picha kwa simu kurasa za mwili na nguo, nyingine ziache. Na ukimkuta Masere hajahamishwa bado, muulize kwa adabu habari za kile kijitabu.